Lulu ya Tano

Lulu ya tano ilikuwa imekwenda wapi? Sonara alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, akiipapasa sakafu kwa viganja vyote viwili. Nne zilikuwa juu ya kitambaa cheusi. Ya tano, ndogo kama punje ya mtama, walikuwa wameitafuta mezani, ndani ya ufagio, hata katika soli za viatu.

"Miaka arobaini!" alisema mteja, mwalimu mstaafu aliyeurithi mkufu wenye lulu hizo kwa mama yake. "Nikienda kuoga, nauvua. Manukato napulizia kwanza, yakikauka ndipo nauvaa. Haujawahi kuguswa na sabuni. Leo nawaachia nyinyi asubuhi moja tu, basi!"

"Itaonekana, mama. Tulia kidogo."

"Nitulie na binti yangu anaolewa Ijumaa?" Kisha akamgeukia mke wa kaka yake Sonara, ambaye kwa miaka minne alikuwa akifanya kazi naye katika chumba hicho. "Wewe ndiye uliyeupokea. Hebu nione hiyo mifuko."

Wifi alicheka. "Mifukoni mwangu mna karanga tu, mama. Ukitaka, nikumiminie."

Mwalimu hakucheka. Wifi akaigeuza mifuko, karanga zikamwagika. "Wifi, mbona umenyamaza? Niseme mwenyewe kwamba mimi si mwizi?"

Sonara aliinuka kwa kushikilia ukingo wa meza. Akaanza kuirudia kazi yake kichwani, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika sasa hivi. Pete ndogo iliyoshikilia kipambo cha mbele ilikuwa imekatika. Kabla ya kulehemu alizitoa lulu, kwa sababu ndiyo sheria aliyomfundisha wifi tangu siku ya kwanza: dhahabu huvumilia moto na tindikali, lulu haivumilii, tindikali huila kama ganda la yai. Alizitoa nne kwenye kipambo, akalehemu, dhahabu ikatoka na weusi, akautumbukiza mkufu mzima katika bakuli la tindikali ya vuguvugu ili utakate.

Bakuli lilichemka. Povu jembamba, lililodumu kuliko kawaida. Alidhani ni joto la dhahabu.

Kifungio cha nyuma hakuwa amekigusa. Akautoa mkufu kwa koleo la shaba, akausuuza upesi, akapitisha ncha ya kidole kwenye kifungio cha nyuma. Palikuwa na kijiti kitupu cha kupachikia lulu, na ute mweupe ulioteleza kama chaki iliyolowa.

Kibandiko cha kazi kilikuwa bado kimebandikwa kwenye kisanduku cha mkufu. Wifi alikuwa ameandika juu yake, kwa wino mzito, hesabu ya lulu na mahali zilipo. Sonara aliona michirizi tu iliyoingiliana. Tangu mwaka uliopita maandishi karibu yote yalikuwa michirizi. Asubuhi ile wifi alikuwa amesema, "Nikusomee, wifi?" naye akamjibu kwa kiburi, "Mimi si mtoto wa chekechea." Akazihesabu lulu kwa kupapasa, na vidole vilikomea kwenye kipambo.

Ute ulikuwa ukimkauka kidoleni. Angeufuta kwenye aproni, na siri ingebaki kati yake na bakuli. Meza hii alikuwa ameikalia tangu usichana. Hakujua kwa nini mtu angemwamkia kwa heshima asipokuwa nayo. Alitamani sakafu ipasuke. Alitamani mwalimu aseme amekosea hesabu, lulu zilikuwa nne tokea zamani.

"Basi polisi wataitafuta," mwalimu alisema, akitoa simu kwenye mkoba.

Wifi alikuwa ameketi sakafuni katikati ya karanga. Hakulia kwa sauti. Aliziokota moja moja na kuzirudisha mfukoni, kana kwamba hizo nazo zingehesabiwa.

"Mama, weka simu chini," Sonara alisema. "Lulu yako haikuibwa. Ilikuwa kwenye kifungio, nami sikuiona. Nimeitia mwenyewe katika tindikali, imeyeyuka."

"Hukuiona vipi?"

"Sioni vitu vya karibu. Ni mwaka sasa, na nimewaficha wote." Akavua aproni, akaiweka juu ya kiti chake. "Nitakutafutia lulu ya kufanana nayo kabla ya Ijumaa, na wifi ndiye atakayeipachika. Wifi, inuka. Kuanzia leo meza hii ni yako, na mimi sitashika tena moto wala tindikali."