Jani Alilokula Mbuzi

Mama alipoanza kumsimulia Shreya habari za vita, niliumia. Mimi ndiye mwanaye wa pekee. Tunaishi wote hapa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, namnunulia dawa na ndizi za mtori, na sijawahi kusimuliwa hata neno. Yule binti wa Devendra wa ghorofa ya chini, anayesoma chuo na kuandika historia ya manesi waliokwenda vita vya Kagera, alibisha hodi tu na kinasa sauti chake, akafunguliwa kila kitu.

Nikirudi kutoka dukani Kariakoo nawakuta kwenye kochi, Mama anamwonyesha kwa mikono jinsi walivyofua bandeji na kuzianika kwenye miiba. Anacheka. Nikiingia, anaikunja mikono mapajani.

"Shikamoo, anko," anasema Shreya.

"Marahaba. Bado mnaongea tu?"

"Kuna uji jikoni, Leodegar," anasema Mama.

Basi. Mtoto wa watu anapewa vita, mimi napewa uji. Siku nilipomsikia Mama akimwita "mwanangu", uji wenyewe ulinikaba.

Jumatatu nilikutana na Shreya kwenye ngazi, anapanda. Nikamwambia kuwa Mama anaumwa, daktari amemkataza kuongea, asije mpaka nimwite. Alisikitika kweli. Jioni aliacha maembe mlangoni. Niliyala mwenyewe.

Mama alivaa gauni lake la kanisani kila mchana, akamsubiri.

"Shreya amenichoka," akasema.

"Vijana wana mambo mengi, Mama."

Mpaka alipoona kokwa kwenye ndoo ya taka.

"Haya maembe yametoka wapi? Wewe huwa hununui maembe. Unasema yanakuharibu tumbo."

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema yote. Hakunigombeza. Alikwenda kibarazani, kwenye kopo la rangi alikopanda sale, akakata jani moja, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. Kwetu Kilimanjaro jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na anayeletewa halikatai.

"Mpelekee," akasema.

Nikashuka. Shreya alifungua mlango, akalitazama jani.

"Ni dawa ya bibi? Anaendeleaje?"

Ningeweza kusema ndiyo nikaondoka. Lakini jani la sale huwezi kulitoa bila kutaja kosa.

"Bibi haumwi. Nilikudanganya. Sikutaka uje."

"Kwa nini, anko?"

"Kwa sababu anakuambia wewe."

Nilidhani atanifungia mlango. Badala yake akalipokea lile jani, akaligeuza.

"Kumbe ndilo hili! Bibi alinisimulia. Alipotoka vitani alikuletea moja, kwa kukuacha ukiwa mdogo vile. Wewe ukampa mbuzi, akalila."

"Mimi? Sikumbuki."

"Yeye anakumbuka. Anasema hajui mpaka leo kama ulimsamehe. Ndiyo maana hakusimulii vita. Anaogopa ukianza kuuliza, utamuuliza kwa nini alikuacha."

Wivu ulinipanda upya. Hata habari za mbuzi wangu anazijua yeye! Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kupanda ngazi, na Shreya nyuma yangu.

Mama alikuwa amekaa palepale.

"Amelipokea?"

"Amelipokea. Sasa nipe langu."

"Lipi?"

"Lile la mbuzi."

Alimtazama Shreya, akanitazama mimi.

"Umechelewa. Mbuzi alishanisamehe."

"Mbuzi si mwanao, Mama."

Alicheka mpaka akashika mkono wa kochi, kisha akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Kakate mwenyewe basi. Magoti yananiuma."

Nikakata. Akalifunga fundo polepole, vidole havimtii, akanipa kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikakaa chini, karibu na miguu yake.

"Haya," nikasema. "Kwa nini uliniacha?"

Akavuta pumzi. Pembeni nikasikia kitufe kikibonyezwa. Shreya alikuwa ameshawasha kinasa sauti.

"Zima hicho," nikamwambia. "Hii ni yangu."

"Anko, jamani!"

"Njoo kesho, utapewa nyingine. Kuna uji jikoni."