Mstari wa Undugu

Exaucée alimaliza uji wake kijiko kwa kijiko, na nusu yake ikaishia kwenye nguo. Hortense alimfuta kidevu, akambadilisha nguo, akamfunga mgongoni kwa vitenge viwili, maana kimoja kilikuwa hakitoshi tena. Msichana alikuwa na miaka kumi na moja. Shingo yake haikujishikilia, na miguu ilining'inia mpaka karibu na magoti ya mama yake. Kondakta wa basi la Ruashi alidai nauli ya watu wawili. Hortense alilipa, kwani hata ugomvi una gharama yake.

Alikuwa anakwenda kuuliza habari ya hela. Alipoachana na Sylvain, baba wa mtoto, fundi wa malori katika kampuni moja ya kusafirisha madini, mahakama iliamuru kampuni imkate mwanamume faranga laki mbili kila mwezi, za kumlipa mtu wa kumtunza mtoto. Mtu huyo alikuwa Falonne, mdogo wake Hortense. Lakini Falonne aliolewa akahamia Kilwa, ile ya kando ya ziwa. Hortense akafunga meza yake ya unga sokoni, akabaki nyumbani na mtoto, akaandikisha jina lake mahali pa Falonne. Mwezi huu simu ilileta laki moja na elfu sabini. Elfu thelathini zilikuwa zimeota miguu, na elfu thelathini ndizo zilizokuwa nepi za Exaucée.

Alingoja kwenye benchi la ukumbini, katika ofisi ya kampuni, tangu saa tatu. Saa tano na nusu ikapita ndipo karani Yannick akamwita, akampa kiti kwa adabu.

"Mama, ile iko kodi. Tangu huu mwezi, kila muntu mwenye kampuni inamulipa, Leta, ni kusema serikali, inakata."

"Kodi ya kazi gani, papa? Mutoto eko wangu. Njo miye nilimuzala."

"Kwa karatasi uko mufanyakazi. Kazi yako, kuchunga mutoto."

"Na Sylvain? Yeye banamukata kodi ngapi juu ya mutoto?"

Yannick alitazama kompyuta yake. "Yeye banamupunguzia kodi. Mutoto eko ku liste ya famille, ya jamaa yake."

"Miezi munane hajakanyaga kwangu! Hajamuosha hata siku moja!"

"Njo vile liste iko, mama."

"Basi andika kama miye ni mama yake."

"Nikiandika vile, feza yote inakatika. Mama habamulipake juu ya kuchunga mutoto yake. Mashine itakataa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mashine ile haikuwahi kuzaa. Yannick alitoa fomu mpya na kuweka kidole kwenye mstari mmoja mtupu: undugu wa mfanyakazi na mtoto.

"Hapa unaandika 'hakuna'. Leo, mbele tufunge ofisi. Kama hapana, mwezi unakuya hautapata kitu."

Hortense aliusoma mstari ule mara mbili. Hasira ilimpanda, na alishangaa kuona ilimtuliza.

"Bafanyakazi ya hapa banapumuzikaka saa ngapi?"

"Saa sita, mama."

"Saa iko inasema saa sita." Alifungua vitenge, akamwinua Exaucée, akamweka mikononi mwa karani. "Miye mufanyakazi. Naenda kupumuzika."

Akatoka. Alivuka ua mpaka getini, akasimama kando ya muuza karanga. Mgongo wake ulikuwa mwepesi. Aliona raha, kisha akaona aibu kwa raha hiyo, lakini hakurudi.

Kupitia dirisha lililokuwa wazi alimwona Yannick amesimama na mtoto, hajui amshike wapi. Makarani wawili wanawake walikuja mbio. Mmoja alishika miguu, mwingine kiuno. Shingo hakuna aliyeishika. Kichwa kikaanguka nyuma, na Exaucée akatoa ile sauti yake ya kukoroma ya kupaliwa na mate.

Hortense hakukumbuka kuvuka ua. Alimgeuza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, akamnyanyua kidevu, akampiga mgongo mara tatu. Mate yakatoka, pumzi ikarudi. Mapumziko yake yalikuwa ya dakika nne.

Shati la Yannick lilikuwa limelowa mate.

"Pardon, mama. Pardon. Uko mama yake, kila muntu anaona."

"Basi andika."

Yannick alitazama mashine, kisha akatazama sakafu.

"Siwezi."

Makarani wale wawili walirudi kwenye meza zao. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na mwezi ujao nepi zitatakiwa vilevile. Hortense alimfunga mwanawe mgongoni, kitenge cha kwanza, kitenge cha pili, akaomba kalamu. Exaucée alikuwa ameanza kusinzia, shavu lake lenye joto limelala kwenye bega la mama yake. Hortense aliinama taratibu asije akamwamsha, akaandika kwenye ule mstari kwa herufi kubwa: HAKUNA. Kisha akasaini, na Yannick akapiga muhuri.