Joto la Chumba cha Fromaji

Baba yangu, Papa Sebarenzi, alininunia tangu nilipotundika kipimajoto kwenye chumba chetu cha kukomazia fromaji, yaani jibini. Eti mkono wake unatosha! Leo nikamketisha mbele ya kompyuta. Programu niliyoandika kwa Python inasoma kipimajoto kupitia wifi ya nyumbani, bila intaneti, na kuchora mstari wa joto.

“Hii milima kwenye mustari njo nini?”

“Njo wewe, Papa. Ukiingia kugeuza fromaji, joto ya mwili yako inapandisha mustari.”

Akaugusa mlima mmoja kwa kidole, polepole, kama kitu kinacholala.

“Claudette, hii mashini inakumbuka kuanzia lini?”

“Desemba.”

Mama, aliyekuwa akizigeuza fromaji kabla ya Papa, tulimzika Februari.

Papa akavua kofia.

“Basi unionyeshe asubuhi moja ya mama yako.”