Kigutu Chatambulishwa kwa Kikombe

Jana usiku niliota nimeitwa kwenye utambulisho, na mshenga ni mimi. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo, jambo ambalo ni kawaida yangu.

Mimi ni mhandisi wa miguu bandia. Kwa siku tatu nimekuwa nikiujaribu kwenye kompyuta mguu wa Mzee Ndelwa, anayetaka kumsindikiza bintiye madhabahuni Jumamosi bila magongo. Kila nikibonyeza kuanza jaribio, kigutu chake, yaani kipande cha mguu kilichobaki, kinapita katikati ya kikombe cha plastiki kinachopaswa kukibeba, kama moshi kwenye pazia. Kompyuta haioni ubaya wowote. Mzee naye, alipokivaa kikombe hicho kliniki kukipima, alisema hamna shida.

Basi, ndotoni nataka kukaa. Napita katikati ya kiti, napita sakafu, natokea jikoni, ambako mama mmoja anamenya vitunguu.

"Hujajitambulisha kwa kiti," ananiambia bila kuinua macho. "Hapa wasiotambulishana hawagusani."

Narudi juu. Naitajia sakafu jina langu, nayo inanibeba. Kiti kinataka na uzito. Nautaja nikiupunguza kilo nne, nakaa.

"Hizi nne nyingine ni za nani?" kinauliza.

Kikombe kinaingia kimevaa suti. Kigutu kimefunikwa khanga.

"Mwenyeji nani?" kinauliza kikombe.

"Wewe, kwa kuwa ni mgumu," nakijibu. " Huyu laini ni mgeni. Akikugusa, mpokee. Akizidi, mrudishe taratibu."

"Taratibu ya namna gani?"

"Ya godoro jipya."

Nayatamka majina yao mbele ya wote. Wanagusana, na hakuna anayempita mwenzake. Vigelegele vinapigwa, nami nina furaha ambayo hesabu hazijawahi kunipa.

Mara ukumbi umekuwa kliniki. Kigutu kinaninong'oneza, "Mzee anakwambia hamna shida. Anakudanganya. Upana wa vidole vitatu chini ya goti, upande wa ndani, kikombe kinaniumiza mno."

"Mbona hasemi?"

"Anaogopa utaanza upya, Jumamosi impite."

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Nikaongeza mstari niliousahau siku zote tatu, unaoijulisha kompyuta kwamba nyuso hizi mbili, wa kigutu na wa kikombe, zinagusana. Hesabu ikaisha kabla chai haijachemka. Nikampigia Mzee Ndelwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Vidole vitatu chini ya goti, upande wa ndani. Panauma?"

Nilimsikia akifunga mlango.

"Hata mke wangu sijamwambia," akasema.

Nikamweleza kwamba hapo nitapanua milimita mbili tu, na Jumamosi iko palepale. Akashusha pumzi. Kisha akauliza kama Ijumaa aje na kiatu kimoja, kama alivyozoea.

Nikamwambia aje na vyote viwili.