Somo Lililoachwa kwa Ajili ya Mpunga

Binti yangu Pauline alishuka Garsen Alhamisi mchana, siku ya chuo, na mkoba mdogo usio na kitabu hata kimoja. Mimi nilikuwa zahanati, foleni ya malaria imefika nje ya lango. Nikamwuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa, akasema. Ameacha somo moja tu, Takwimu, kwa sababu lilikuwa Ijumaa na Jumatatu asubuhi. Sasa kila mwisho wa juma atatoka Mombasa aje kijijini Kulesa kumwamia bibi yake ndege, awafukuze shambani.

"Mpunga umeshika maziwa," akanieleza, kana kwamba mimi mgeni.

Nilijua kuliko yeye. Mafuriko ya El Niño yalikuwa yamebeba ghala la mavyaa wangu, Kadii, na kila kilichokuwamo. Kilichobaki ni kibuyu cha mbegu alichokuwa amekining'iniza darini, mpunga mwekundu alioupata kwa mama yake. Nyumba nyingine zote zilizokuwa na mbegu ile ziliipoteza. Maji yalipoanza kushuka tuliimwaga yote kwenye matope ya ukingoni, na ikaota vizuri. Sasa punje zilikuwa laini, ndege wanazipenda, na shamba lilitaka mtu juu ya dungu na kombeo mkononi tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Kadii alikuwa ameteguka nyonga, hawezi kupanda dungu. Watoto wamerudi shule, na kila mtu mzima ana shamba lake la kulinda.

Nilivua koti la kazi, nikamshika Pauline mkono hadi dukani kwa Caleb. Caleb huuza misumari na mabati, na ndiye katibu wa mfuko wa masomo wa kanisa letu, uliokuwa ukimlipia Pauline ada, bweni na chakula. Tulisoma naye darasa moja, kwa hiyo hanizungukii.

Alitusikiliza, akaweka chini kalamu. Mfuko humlipia mwanafunzi wa muda wote, akasema. Akipunguza somo, chuo humwandika kuwa wa nusu muda, na wa nusu muda halipiwi kitu. Si kwamba wanakata pesa za Takwimu tu. Wanakata zote, na zilizokwisha kulipwa muhula huu zinadaiwa.

"Lakini nimeacha kipande kimoja, baba," Pauline akamwambia Caleb. "Vitano bado nalima."

Nikaelewa kosa lilipoanzia. Kwetu mtu akizidiwa huacha kipande kimoja kilale, na hakuna anayemnyang'anya vingine. Mtoto alikuwa amelima masomo yake vile alivyofundishwa kulima.

"Wale hawalimi," Caleb akasema. "Ukiacha kipande kimoja, wanachukua jembe." Akanigeukia. "Mabadiliko ya masomo yanafungwa Jumatatu. Asubuhi hiyo akiwa darasani, mimi sijasikia neno."

Nilijaribu njia zote zilizokuwapo. Niliomba likizo nikae dunguni mwenyewe. Mganga mkuu alinionyesha foleni kwa kidole, basi. Nilitafuta kibarua, nikaambiwa hata vilema wako mashambani. Jumamosi tukaenda Kulesa, nikijua ninakwenda kumwambia mwanamke mzee kwamba mpunga wake utaliwa.

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Pauline akanikatiza. Hatarudi, akasema, chuo kitakuwapo hata mwakani.

"Kitakuwapo," nikamjibu. "Nafasi yako kwenye mfuko atakuwa nayo mwingine. Mwakani utakuja kunisaidia kufagia zahanati."

"Na mbegu ya bibi itakuwapo mwakani?"

Nikamgeukia Kadii.

Aliuliza jambo moja tu: shamba likiwa tupu, huyu ataondoka? Nikasema ndiyo. Akainuka kwa fimbo yake, akachomoa kisu cha kuvunia kwenye makuti, akateremka kuelekea mtoni. Tulimkuta ameshaanza kukata, mashuke ya kijani yamemjaa mkononi.

"Bibi, hiyo ni mbegu," Pauline akasema.

"Ilikuwa mbegu. Sasa ni pepeta. Kata."

Tukakata, sisi watatu, hadi ukingo ukabaki mabua. Jioni tukaukaanga ule mpunga mbichi chunguni na kuutwanga ungali moto. Kishindo cha pepeta hakifichiki. Majirani walikuja na bakuli zao kama ada ilivyo, wakicheka, maana pepeta ni chakula cha furaha. Susan wa nyumba ya pili akatania kutoka mbali, "Kadii, kuna mjamzito gani hapa asiyeweza kungoja uive?"

Kisha akaona ni mpunga gani. Akashusha bakuli lake, akachukua mchi mikononi mwa Kadii, akatwanga yeye. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Jumapili alfajiri Pauline alikwenda kuwahi basi la Mombasa, lile linalosindikizwa na polisi njiani. Alitaka kupiga magoti kumwomba bibi yake radhi. Kadii alimzuia begani.

"Usiniombe kitu. Nenda ukakae kwenye hilo somo. Na usije ukaniambia limekushinda."

Jumatatu jioni Caleb alipita zahanati. Pauline ameandikwa tena Takwimu, msaada unaendelea. Nilimshukuru, nikaendelea kuchoma sindano.

Nilipopata nafasi nilikwenda kumpa Kadii habari. Alikuwa amekaa mlangoni, ameupa mto mgongo. Aliuliza hilo somo linafundisha nini. Nikamwambia ni kuhesabu vichache ili ujue hali ya vingi usivyoviona.

Akashika fimbo yake, akainuka.

"Basi na alisome," akasema. Akaingia ndani kulala, jua lingali juu.