Taa Isiyowaona Watoto

Mvushaji wa watoto kwenye njia panda ya shule ya msingi aliitwa Mama Kibendera, kwa sababu ya kitambaa chekundu alichokifunga kwenye mpini wa fagio. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama pale kila asubuhi, akiwavusha watoto na kugombana na madereva. Kwa hiyo zilipofungwa taa mpya zenye kamera, ambazo injinia aliyezifunga alisema zitasoma foleni na kugawa njia bila mtu, yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Wiki ya kwanza foleni ilipungua kweli. Wiki ya pili akaanza kuona mambo.

Barabara ya mlimani, inayopita shule ya kulipia, ilikuwa inapewa kijani kirefu hata wakati magari yenyewe hayasogei. Watoto wake wa miguu, waliotakiwa kuikata barabara hiyohiyo, walipewa kijani cha kupiga chafya: ukimaliza kusema "haya twende," kimezima. Aliazima saa ya mumewe akapima. Mlimani dakika mbili na nusu. Watoto sekunde kumi na mbili. Siku tatu mfululizo, hivyohivyo.

"Kuna mkono wa mtu," alimwambia mumewe, fundi cherehani, jioni wakila.

"Mashine haina mjomba, mke wangu."

"Aliyeitengeneza anaye."

Tangu hapo hakumwondolea injinia jicho. Alikuwa kijana mpole, kizibao cha njano, kompyuta kwapani. Asubuhi moja alikuwa ameinama kwenye kisanduku cha taa, na Mama Kibendera alipomkaribia, akaifunga kompyuta upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unafunga? Mimi hata sijui kusoma hayo madude yako."

"Nimemaliza tu, mama." Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba.

Kesho yake akamwona akishuka kwenye gari la mkuu wa ile shule ya kulipia. Hapo Mama Kibendera hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimweleza muuza magazeti, muuza magazeti akawaeleza wengine, na kufika saa sita njia panda nzima ilikuwa inajua kwamba kijani kimenunuliwa.

Alhamisi watoto walichoka kusubiri. Zaidi ya mia walikuwa wamesongamana ukingoni, kengele ya shule inalia, na msichana mmoja wa darasa la pili akaona gari lililosimama, akadhani amepewa njia. Akakimbia. Lori lililokuwa linalipita gari hilo lilifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Mtoto aliangukia upande huu, kiwiko kimechubuka. Mkoba wake uliangukia upande ule, na tairi likapita juu yake.

Mama Kibendera alimbeba hadi kwa mwalimu wa zamu. Alipotoka pale shuleni hakurudi nyumbani. Aliuchukua ule mkoba akaenda nao moja kwa moja kwenye ofisi ya taa. Kilikuwa chumba kidogo cha skrini sita na feni inayolalamika. Injinia alikuwemo, na bosi wake.

"Mama, ofisi ina utaratibu wake," bosi alianza.

Aliuweka mkoba mezani, alama ya tairi juu. "Wamekupa nini?" alimwuliza injinia. "Sema mbele ya mkubwa wako."

Kijana aliuangalia ule mkoba. Kisha akaigeuza skrini.

"Angalia, mama. Kila gari lina mstari wa njano kulizunguka. Maana yake kamera imelihesabu. Kule juu wazazi wanasimama mistari miwili kushusha watoto. Kamera inaona foleni ndefu, inaongeza kijani. Kijani kikiongezeka, wazazi wengi zaidi wanapita kule."

"Na hawa wangu?"

Kwenye kona ya skrini watoto walionekana wamejaa tele. Hakuna hata mmoja aliyezungushiwa mstari.

"Hawahesabiwi. Kamera ilifundishwa magari tu. Hapo inaona patupu."

"Ulijua lini?"

Injinia alimtazama bosi. "Siku ya nne. Niliandika. Nikaambiwa tusibadilishe kitu mpaka wageni waje kuzikagua taa."

Bosi akakohoa.

"Na lile gari la mkuu wa shule ulilopanda?"

"Nilikwenda kumwomba yule mkuu, wazazi wake washushie watoto uwanja wa mpira. Akakataa. Akanipa lifti tu."

Mama Kibendera alihisi aibu ikimpanda usoni, lakini hasira nayo haikukubali kushuka. "Ungeniambia. Nasimama pale kila siku."

"Niliogopa kibarua changu, mama."

"Mwanangu, na mwenye mkoba huu aliogopa nini?"

Mama Kibendera akavuta kiti akakaa, akasema hatoki. Saa nane mchana bosi alisaini: saa za shule watoto wapewe sekunde arobaini, kamera ione isione. Trafiki wakawahamishia wazazi wa mlimani uwanja wa mpira. Walipiga kelele wiki nzima, kisha wakagundua kwamba wanafika mapema kuliko zamani.

Mama Kibendera alirudi kwa muuza magazeti akamwambia alikosea. Habari hiyo haikusambaa kwa kasi ya ile ya kwanza.

Wageni walipokuja, bosi aliwaeleza, koti limemkaa sawasawa, kwamba tangu mwanzo mtambo uliwatanguliza watoto.

"Hapana," injinia alisema. "Haukuwaona. Ni mama huyu aliyetuonyesha."

Watu walisubiri kibarua chake kiote nyasi. Hakikuota. Mwezi uliofuata alihamishiwa ofisi ya mbali, kutunza taa za barabara isiyo na shule. Bosi alisema ni uhamisho wa kawaida. Mama Kibendera alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, na hakuamini hata neno moja.