Albamu Nzito ya Mjomba

Siku deki ya redio ilipoitafuna kaseti ya mjomba, mama aliacha kukanyaga cherehani. Hapo nikajua jambo si dogo. Mama akishika gauni la mteja haachi hata paa likivuja juu ya kichwa chake.

Ndugu hawa wawili wanafanya kazi chumba kimoja: mama dirishani na vitambaa vyake, mjomba ukutani na redio za watu zilizopasuliwa matumbo. Nimekulia katikati yao, nikisikiliza ugomvi mmoja usiokwisha. Bendi yao ni Radi Kavu, wanaipenda wote wawili tangu wakiwa shule. Ila mjomba anaikubali albamu ya kwanza tu. Zile za baadaye, zenye vinanda na vibwagizo vitamu, anaziita peremende.

"Peremende zako hizo zitakuozesha masikio," humwambia mama.

"Bora peremende kuliko kutafuna misumari, kaka. Watu wanakua. Ulitaka wapige kelele mpaka lini?"

"Nilitaka wabaki wanaume."

"Mwimbaji ana wajukuu sita! Awe mwanaume vipi zaidi ya hapo?"

Siku hiyo hakukuwa na utani. Mjomba aliuchomoa ule utepe mwembamba, umekunjamana na kukatika mara tatu. Ilikuwa albamu ya kwanza, *Chuma*, aliyoirekodi mwenyewe kutoka kwenye santuri akiwa na miaka kumi na saba, mwanagenzi kwenye karakana ya redio. Alikaa kwenye stuli, mikono magotini. Mjomba hana mke wala mtoto. Alichobaki nacho cha ujana wake kilikuwa kwenye kaseti ile.

Mimi nilikuwa na miezi minne tangu nimalize chuo, shahada mkononi na kazi sina. Nilifurahi mno kuona kuna kitu ninachokiweza.

"Usijali, mjomba. Nitakutafutia. Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni."

"Kweli, mpwa wangu?"

"Kweli kabisa."

Kesho yake asubuhi niliipata, safi, haina hata mkwaruzo. Nikaunganisha kompyuta na spika zake kubwa, nikabonyeza.

Ngoma zilianza mbio mbio. Mjomba akakunja uso. Sauti ilipoingia ilikuwa nyembamba, changamfu, ya kijana mwenye haraka ya kwenda kucheza.

"Hawa nani?"

"Ndio wenyewe, mjomba."

"Siyo. Wameirekodi upya. Wameipaka sukari."

Nikamwonyesha mwaka kwenye kioo cha kompyuta. Ni ile ile.

Mama alitoa pini mdomoni. "Kaka," alisema taratibu, "hiyo si ndiyo peremende yenyewe?"

Nilijuta. Nilitaka kumrudishia mjomba alichopoteza, na sasa nilikuwa nimempokonya hata kumbukumbu yake.

Alinitaka niurudie wimbo. Akainamisha kichwa kama anavyoisikiliza redio mgonjwa, kidole kikigonga meza. Mara ya tatu kidole kikasimama.

"Inakimbia," alisema. "Au yangu ilikuwa inatembea."

Kisha akajishika kichwa, akacheka kicheko cha aibu. Akatusimulia. Santuri aliyoinakili ilikuwa ya kuazima, mwenye nayo anaitaka mchana ule ule, na mpira wa kuzungusha sahani ya gramafoni ulikuwa umekatika. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga fundo.

"Niliona kinateleza. Nikasema si kitu, mradi inazunguka."

Santuri ilizunguka polepole, sauti ikazama, magitaa yakawa mazito. Miaka thelathini na minne mjomba ametetea uzito ulioletwa na tyubu ya baiskeli.

Nilimtazama mama kwa hofu. Angeweza kummaliza pale pale.

"Mbona hata mimi naijua hivyo?" alisema. "Ulikuwa unaipiga usiku kucha, ukuta wenyewe wa mbao. *Chuma* niliyokua nayo ni ile yako. Hii ya kompyuta siitambui."

Mjomba akanigeukia. "Hilo dude lako linaweza kupunguza mwendo?"

Lilikuwa linaweza.

"Teremsha. Tena. Umepitiliza, rudi kidogo." Mkono wake ulikuwa hewani, unazungusha kitufe kisichokuwapo. "Hapo! Usiguse."

Sauti ilitoka pana, ya mtu aliyechoka na dunia. Mama akaanza kuimba chini chini, kwa sauti ile ile ya kina, bila kukosea neno. Mjomba akageukia ukutani, akajifanya anatafuta bisibisi.

Wimbo ulipoisha alisema, bila kugeuka, "Sasa weka ule wimbo anaoupenda mama yako. Wa albamu ya nne. Uteremshe vivyo hivyo."

"Usiniharibie wimbo wangu!"

"Niache nisikilize, dada. Sijawahi kuufikisha mwisho."

Nikauweka. Mwendo uliposhuka, vinanda vikarudi nyuma, na chini yake kikasikika kitu kizito kikitembea. Mjomba aliusikiliza wote, amefumba macho.

"Kumbe gitaa lilikuwamo," alisema. "Muda wote lilikuwamo."

"Si nimekuambia kila siku?"

"Hukuniambia. Ulikuwa unanicheka." Akavuta stuli yake, kwa mara ya kwanza nikamwona akiketi upande wa dirishani. "Rudisha mwanzo, mpwa wangu. Safari hii uache uende kwa mwendo wao."